Somo la Lazima

Tangu asubuhi Bi Tabu alikuwa akimtazama shemeji yake akipigilia vigingi uani, akimega kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Kibarazani, binti yake Vumilia alikuwa akidurusu katiba kimya kimya, maana shuleni sasa ni somo la lazima.

"Paza sauti, mwanangu," alisema Bi Tabu, akipepeta mchele. "Katiba si barua ya mapenzi."

"Kila mtu ana haki ya kumiliki mali..."

"Zaidi! Baba yako mdogo ana sikio zito."

"...wala hatanyang'anywa ila kwa sheria!"

Nyundo ikanyamaza.

"Hebu rudia hapo," alisema shemeji, taratibu.

Vumilia akamtazama mama yake. Bi Tabu hakuinua uso. Alizidi kupepeta, ingawa mchele wote ulikuwa umekwisha kumwagika mchangani.