Albamu Tano za Marehemu

Kufikia Jumatano Yaa Konadu alikuwa amesikiliza albamu tatu za marehemu, na hakuwa ametoa hata chozi moja.

Jambo hilo halikuwahi kumtokea. Kumasi nzima ilimjua kwa kulilia wafu wa watu. Familia iliyoogopa mazishi yake yasije yakapoa ilimtafuta yeye na kundi lake la wanawake watano, naye alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Wiki ya mazishi aliomba muziki alioupenda marehemu, akausikiliza peke yake na kuandika kwenye daftari umemgusa wapi. Jumamosi, mbele ya jeneza, aliukumbuka wimbo huo tu na machozi yakaja yenyewe. Jina la marehemu hakulitamka kamwe. Alisema jina humvuruga mliaji.

Safari hii zilikuwa santuri tano, mali ya ukoo. Wazee walikubali azisikilize mpaka Ijumaa, kisha mpwa wa marehemu, ambaye kwa desturi ndiye mrithi, aje azibebe pamoja na gramafoni.

Jumatatu alianza na ile yenye picha ya wanaume saba waliovaa suti nyeupe. Aliandika: "Tarumbeta zinafurahi mno. Muziki wa mtu aliyenyoa ndevu vizuri anakwenda dansini. Hakuna kitu." Jumanne yalikuwa magitaa mawili, la pili likijibu kabla halijaulizwa. Zuri, lakini hakuna kitu. Jumatano ilikuwa kwaya ya wanawake wa kanisani, ambayo ingemliza hata askari jela. Ilipofika upande wa pili alijikuta anamtazama mjusi darini.

Hakuwa na huzuni. Hakuwa na chochote. Mwili mzima ulikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, naye alingojea tu ule mchonyoto unaokuja damu ikirudi.

Akosua Tiwaa, msaidizi wake wa miaka mingi, alimletea supu ya samaki akaikuta ya jana bado imo bakulini.

"Maame, kula. Utalia kwa nguvu gani?"

"Sina njaa."

"Wewe huyu? Uliyemlilia yule mwenye duka la saruji mpaka mkewe akakuuliza mlijuana wapi?"

Konadu alitabasamu kidogo, kwa adabu tu. Tiwaa akaketi na kuacha utani. Alimshauri apake kitunguu kwenye leso kama wafanyavyo wengine, na Konadu akakataa, akasema hayo ni mambo ya wanaoanza kazi.

"Basi ujue," Tiwaa akasema, "Jumamosi hawatatutazama sisi. Watakutazama wewe. Ukiwa mkavu, dada za marehemu watasema mengi."

"Najua watakayosema."

Alhamisi alisikiliza mpiga kinanda. Aliandika: "Anapiga kama mtu anayeogopa kuamsha waliolala." Chini yake akaandika tena yale maneno mawili.

Ijumaa ilibaki albamu moja, jalada lake limechanika pembeni na kubandikwa karatasi ya gundi. Wimbo wa tatu ulikuwa na mkwaruzo. Konadu alinyanyuka kabla sindano haijafika hapo, akagonga ubao wa gramafoni kwa vidole viwili, na wimbo ukaendelea bila kukwama. Akarudi kwenye kiti chake cha plastiki. Kile cha mbao chenye mto alikiacha wazi, kama alivyokiacha wiki nzima. Aliandika: "Sauti ya mwimbaji imechoka, naye anajua, na bado anaimba. Hii aliipenda kuliko zote." Akangoja mpaka sindano ikawa inakwaruza patupu. Jioni mpwa alikuja akabeba kila kitu, na mezani pakabaki alama ya mraba isiyo na vumbi.

Jumamosi uwanja ulijaa nguo nyekundu na nyeusi. Jeneza lilikuwa wazi katikati. Tiwaa aliwapanga wanawake, akavuta pumzi, akatoa kilio cha kwanza, ambacho kwa miaka ishirini kilikuwa cha Konadu. Alilia vizuri. Alipanda, akashuka, akaacha kimya kidogo pale panapostahili, na hata vijana waliobeba viti wakaanza kufuta macho. Konadu alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyozisikiliza zile santuri. Hakuna kitu.

Dada za marehemu walikuwa wamegeuka wote, wanamtazama usoni.

Kisha mkuu wa ukoo akamshika kiwiko na kumwambia kwa upole kwamba waliaji wake wamefanya kazi nzuri, sasa ni zamu ya mke kumuaga mumewe. Konadu akasimama mbele ya jeneza, macho makavu, akagonga ubao wake kwa vidole viwili, akangoja.