Nyumba ya Gera Inaitwa

Jua lilipochomoza, jiwe la mlango wa kaburi la ukoo lilikuwa limekandikwa udongo pande zote, nao ulikuwa umekauka bila ufa. Mbele yake alisimama Hogla, mtu wa mwisho wa nyumba ya Gera, katika kabila la Benyamini. Ndugu zake wote wa kiume walikuwa wameuawa vitani. Desturi ilitaka kila nyumba iitwe mara tatu mbele ya wafu wake. Isipoitikiwa na mwanamume, shamba lilikwenda kwa jamaa wa karibu.

Jamaa huyo, Shimri, alikuja na jembe begani.

"Umewahi, binamu," alisema Hogla. "Hata umande haujakauka."

"Ardhi haingoji, dada yangu. Wewe utakula kwangu."

"Kwako mbwa ndio wanaoanza."

Mzee wa lango, mwamuzi wa mji, aliita, "Nyumba ya Gera!" Akaita tena. Shimri akashusha jembe.

Mara ya tatu sauti ya mwanamume iliitika, "Nipo." Ilitoka nyuma ya jiwe.

Mzee alipapasa udongo kotekote. Ulikuwa mzima. "Imeitikiwa," alisema, bila kumtazama mtu.

Shimri alivua kiatu kimoja, kama afanyavyo mtu anayeacha haki yake, akamnyooshea Hogla. Hogla alificha mikono nyuma.

"Mpe aliyeitika."

Shimri alikiweka chini mbele ya jiwe, akaondoka akichechemea.

Kesho yake alfajiri Hogla na mzee walirudi. Umande ulikuwa umetanda mbele ya kaburi, haujakanyagwa. Udongo ulikuwa mzima. Kiatu hakikuwepo.