Beseni la Mlangoni

Harufu ya Shaibu ilikuwa ikifika nyumbani kabla yake. Kiwandani alisafisha mitambo ya kuchapia kwa dawa kali, na kila jioni mkewe, Mwanaidi, aliinusa tangu mumewe akikata kona, akatoka na beseni la maji na kikoi safi. Shaibu alioga uani, ovaroli ikabaki kwenye kamba, ndipo akaingia ndani.

Jioni hii alifika uani, akavua viatu, akasubiri beseni. Hakutoka mtu. Jikoni mwanamke alikuwa akiimba, kwa sauti nyororo isiyo na haraka. Shaibu alidhani ni redio, mpaka sauti ilipokatika kidogo ili kuonja mchuzi.

Alisimama palepale, viatu mkononi, mpaka Mwanaidi alipochungulia.

"He! Umefika saa ngapi?"

"Muda tu."

Mwanaidi alimsogelea, akamnusa bega, kisha shingo. "Mbona leo hunuki?"

"Wametubadilishia dawa. Sheria mpya ya hewa safi imeipiga marufuku ile ya zamani. Hii haina harufu, wala kichwa hakiniumi."

"Ngoja nikuletee maji."

"Maji baadaye. Kumbe unaimba?"

Mwanaidi alifunika mdomo kwa ncha ya kanga. "Huwa naimba kabla hujaja."

Shaibu aliweka viatu chini, akaketi kizingitini, akaipa nyumba mgongo.

"Basi," alisema, "bado sijaja."

Nyuma yake mwiko uligonga sufuria, na mtu akavuta pumzi ya kuimba.