Kanga Aliyekatiza Sala

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, manyunyu yakianguka, Kanga aliatamia mayai yake akimwomba Bwana, kama alivyofanya kila alfajiri, ampe walau kifaranga mmoja aliye hai.

"Dada, siku ya ishirini na tano hii unayaombea mawe!" Kunguru alimcheka kutoka tawini. "Kama anasikia, mbona hajajibu?"

Kanga aliinuka. Kisha, kwa mara ya kwanza, aliondoka bila kumaliza sala.

Aliporudi jioni, mayai yote yalikuwa yamepasuliwa, na manyoya mororo ya vifaranga yalikuwa yameganda kwenye mdomo wa Kunguru.

"Kumbe Bwana alisikia, walikuwa hai!" Kanga akalia.

"Alisikia tangu mwanzo," Kunguru akajibu. "Nami niliogopa tu usije ukavumilia siku mbili zilizobaki kabla hawajaanguliwa."