Kadi ya Baba

Kabla ya kengele, mwalimu wa Kifaransa alichomoa kadi ya neno "baba" kutoka kwenye kadi za msamiati wa familia akaitia mfukoni. Leo Kidoti alikuwa amerudi darasani, mara ya kwanza tangu wamzike babake.

Kadi zikapita salama: mama, dada, bibi. Kisha mwalimu akawasha video ya somo. Alikuwa amesahau kabisa kwamba humo pia yumo baba.

Mwanamume alikuwa amembeba mwanawe mabegani, wanacheka, neno la Kifaransa la "baba" limeandikwa chini yao. Darasa zima likalitamka. Sauti ya Kidoti ndiyo iliyopaa kuliko zote.

Halafu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona baba hana kadi?"

Mwalimu akajipapasa mfukoni. Kadi ilikuwa imelowa jasho, pembe zimejikunja.

"Anayo, mwanangu."

"Basi naomba niishike mimi."