Mkate wa Bi Kazija

Kwa miaka mingi Bi Kazija hakugusa ngano, maana ilimsokota tumbo. Kisha mjukuu wake, Raya, akapimwa, ikaonekana ngano ndiyo iliyokuwa ikimharibu utumbo na kumdhoofisha. Daktari akasema ugonjwa huo hurithiwa, hivyo mama na bibi nao wapimwe damu. Lakini kwa mtu aliyeacha ngano, kipimo huweza kukosa kuuonyesha. Ilibidi Bi Kazija aile tena kwa wiki sita.

Wiki ya tano, Saumu, mama yake Raya, alimkuta mezani, jasho likimtoka, mkate mbele yake.

"Mama, acha. Nitapimwa mimi, inatosha."

"Ukikutwa huna ugonjwa huu, tutajuaje Raya ameurithi upande gani?" Bi Kazija alimjibu taratibu. "Nina wajukuu tisa. Nikijulikana kuwa ninao, wote watapimwa kabla hawajaugua kama Raya."

Saumu alimtazama mama yake akichovya mkate kwenye chai, akifumba macho na kutafuna. Akavuta kiti, akaketi ubavuni pake.

Uani wajukuu walikuwa wakiruka kamba, na safari hii Raya, aliyekuwa ameacha ngano, alikuwa katikati yao.