Jiko Lililouliza Ufalme

Siku hizi jiko haliwaki mpaka mpishi aiombee serikali. Namsifu alisimama mbele yake, ndizi alizomenya zimeanza kuwa nyeusi. Mama mkwe wake alikuwa mezani, akisubiri chakula ameze dawa.

"Mungu awape viongozi wetu hekima," Namsifu aliomba.

"Ombi limekataliwa," jiko lilisema kwa upole. "Linadokeza kwamba hawana."

Akaomba wapewe afya. Likakataa kwa sababu hiyo hiyo. Namsifu alibamiza mwiko. Miaka kumi na minane anawafundisha vijana wa kipaimara waheshimu wenye mamlaka, na leo anabishana na jiko.

"Sali Baba Yetu, mwanangu," mama mkwe alisema. "Hiyo nani ataikataa?"

Akaanza, haraka haraka, kwa hasira. Alipofika "ufalme wako uje", taa nyekundu ikawaka.

"Ufalme upi?" jiko liliuliza.

Namsifu alimtazama mama mkwe. Vidonge vilikuwa kwenye kisosi, na mikono ya yule mama ilishaanza kutetemeka.

"Huu huu tulio nao," alijibu. "Umeshakuja. Haya, waka."

Jiko likawaka papo hapo.

Ndizi zilipoiva, akapakua. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiombea chakula siku zote, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Safari hii alifumba macho, midomo ikacheza, lakini hakuna neno lililotoka.

"Samahani, bibi," jiko lilisema. "Sijakusikia."